Gari limegongwa Malindi: namna ya kudai bima mpaka ulipwe

Dai la bima ya gari likiharibika, aghalabu huharibika palepale barabarani, kabla kampuni haijapigiwa hata simu moja. Gari limegongana na tuktuk pale Gede, watu wamejaa, kila mmoja amekuwa hakimu, na katika zile kelele maneno yanasemwa, pesa zinatolewa, magari yanasogezwa. Baada ya wiki kadhaa inakuja barua kwamba dai limekataliwa. Maelezo haya yanafuata safari nzima ya dai, tangu dakika ya ajali hadi pesa kuingia. Yameandikwa kwa wenye magari wa Malindi, Watamu na Mambrui, pamoja na wale wanaopita Garsen na Witu kwenda kuacha gari Mokowe na kuvuka Lamu.

Kwanza jua una bima gani

Fungua mkataba wako leo, gari likiwa zima. Bima ya mtu wa tatu, ile thadi pati, huwalipa wengine uliowaumiza au uliowaharibia mali. Gari lako hailigusi. Ukiwa wewe ndiye mwenye makosa, utalitengeneza kwa mfuko wako. Bima kamili hulipa hao wengine na gari lako pia. Katikati ipo ya mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, ambayo watu wengi huichukua wakidhani imefunika na ajali.

Halafu tazama mambo manne: thamani ya gari iliyoandikwa, ekses, matumizi ya gari, na nyongeza ulizolipia.

Ekses ni sehemu ya hasara unayobeba wewe mwenyewe kwa kila dai. Kwa magari binafsi nchini Kenya, kiwango cha kawaida ni asilimia 2.5 ya thamani iliyowekewa bima, na huwa kuna kiasi cha chini kabisa, mara nyingi kati ya shilingi 15,000 na 25,000. Kwa wizi hupanda: asilimia 10 gari likiwa na kifaa cha kulifuatilia, asilimia 20 likiwa halina. Dereva kijana au mwenye leseni mpya huongezewa ekses nyingine juu ya hiyo. Mkataba wako ndio wenye neno la mwisho, lakini ukiona viwango vilivyo mbali sana na hivi, muulize wakala sababu.

Matumizi ndiyo yanayowaumiza zaidi watu wa hapa. Probox au Noah iliyokatiwa bima ya gari binafsi, kisha ikabeba abiria wa nauli kwenda Kilifi, au ikakodishwa kwa mgeni wa hoteli, haina bima siku ya ajali kwa upande wa gari lenyewe. Mpelelezi wa kampuni atawauliza abiria kama walilipa nauli, nao watasema kweli. Kama gari linafanya kazi ya biashara, likatie bima ya biashara. Tofauti ya malipo kwa mwaka ni ndogo mno ikilinganishwa na kupoteza gari zima.

Kwa anayesafiri mara kwa mara kupita Witu na Hindi, kule Lamu, nyongeza ya vurugu za kisiasa na ugaidi si ya kupuuzwa. Bima kamili ya kawaida huyaacha nje madhara hayo, na nyongeza yenyewe hutozwa sehemu ndogo sana ya thamani ya gari. Bila hiyo, gari lililochomwa katika shambulio halilipwi.

Vyeti vya bima siku hizi ni vya kidijitali, na chama cha kampuni za bima, AKI, kina programu ya simu ya kuthibitisha kama cheti ni halali. Thibitisha chako siku unayokilipia. Cheti bandia hakina dai.

Barabarani, saa ya kwanza

Simama. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame, atoe jina lake na anwani, na ajali iliyoumiza mtu iripotiwe polisi mapema iwezekanavyo, isizidi saa 24. Majeruhi wanatangulia hospitali, mengine yote yangoje. Kama kuna aliyeumia, usiyaondoe magari kabla ya polisi kufika, isipokuwa kuokoa mtu.

Kisha toa simu upige picha, na uzipige kwa mpango. Anza kwa mbali, hatua kama 20, pande zote nne, ili barabara na magari yote mawili yaonekane katika picha moja. Fuatisha nambari za magari, cheti cha bima cha mwenzako, leseni ya dereva wake, alama za breki, vioo vilivyomwagika, matuta, kibao cha barabarani, kichaka kilichoziba njia. Mwisho kabisa uharibifu kwa karibu. Watu wengi hupiga bampa iliyovunjika mara kumi na hawapigi barabara hata mara moja, na bampa haisemi nani alikuwa upande wa nani. Picha za asili zihifadhi kwenye simu, kwa sababu zikipitishwa WhatsApp kama picha za kawaida hupungua ubora na kupoteza saa na mahali zilipopigwa.

Chukua jina na simu ya dereva, na pia ya mwenye chombo. Tuktuk na boda nyingi za mjini huendeshwa na asiye mmiliki, na bima imeandikwa kwa jina la mmiliki. Tafuta mashahidi wawili wasiokuwa jamaa zako. Muuza madafu aliyekuwa ng'ambo ya barabara anafaa kuliko binamu yako aliyekuwa ndani ya gari.

Sasa jambo linalohitaji moyo mgumu. Usiseme "kosa ni langu", na usiandike popote kwamba utalipa. Karibu kila mkataba wa bima una sharti kwamba mwenye bima asikubali lawama wala asiahidi malipo bila idhini ya kampuni. Kuomba radhi na kumpa pole aliyeumia ni uungwana, na hakuna anayekukataza. Kuahidi kumlipa ni jambo jingine.

Na hapa ndipo desturi yetu ya kumalizana inapogongana na bima. Kumalizana hapohapo kunafaa kwa hasara ndogo iliyo chini ya ekses yako, kama taa ya nyuma ya boda au mkwaruzo wa bampa, ambapo hakuna aliyeumia hata kidogo. Hapo andikeni karatasi: tarehe, nambari za vyombo, kiasi, na maneno kwamba pande zote mbili hazina dai lingine. Tieni sahihi na mlipane kwa M-Pesa ili kumbukumbu ibaki. Lakini mtu akiwa ameanguka chini, hata akisimama akasema yuko salama, usimalizane. Maumivu ya shingo na mgongo huja kesho yake, na baada ya miezi unaweza kupokea barua ya wakili. Kampuni ikigundua uliificha ajali na ukalipa kimyakimya, itakuwa na sababu ya kukukana.

Polisi

Ripoti katika kituo cha eneo ajali ilipotokea. Ajali ya Garsen hairipotiwi Malindi kwa kuwa wewe unakaa Malindi; utarudishwa, na ule muda uliopita utaandikwa dhidi yako. Ukiripoti, omba nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na uiandike papo hapo. Baadaye utahitaji abstrakti ya polisi, muhtasari wa ripoti ya ajali, karatasi ambayo bila hiyo kampuni nyingi hazianzi kazi.

Ukikabidhiwa abstrakti, isome ungali mbele ya meza. Nambari ya gari imeandikwa sawa? Jina la mmiliki linalingana na la logibuku, hati ya umiliki wa gari? Tarehe ya ajali, jina la kampuni ya bima na nambari ya cheti ni sahihi? Herufi moja ya nambari ya gari ikikosewa, dai linasimama mpaka urudi kusahihishiwa, na kama kituo ni Minjila na wewe uko Malindi, hiyo ni safari ya siku nzima. Tazama pia kilichoandikwa kuhusu uchunguzi: bado unaendelea, au dereva fulani amefunguliwa mashtaka. Hilo ndilo kampuni ya mwenzako itakaloangalia kabla ya kukulipa.

Ajali kubwa ikitokea, gari huzuiliwa kituoni mpaka likaguliwe. Kabla ya kuliacha, toa vitu vyako, kisha andika orodha ya vilivyobaki, yaani betri, redio, gurudumu la akiba, jeki, na upige picha ya kila kimoja na ya dashibodi ikionyesha kilomita. Aliyeumia anahitaji fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ijazwe na daktari. Hiyo ni karatasi yake yeye, si yako, lakini mwelekeze.

Kuijulisha kampuni na kujaza fomu

Piga simu siku hiyohiyo, kisha andika. Simu peke yake haina ushahidi. Mikataba mingi hutaka taarifa "mara moja", mingine hutaja saa au siku, na kuchelewa ni mojawapo ya sababu rahisi za kulikataa dai. Barua pepe fupi kama hii inatosha (asesa ni mtaalamu wa kukadiria uharibifu wa gari):

"Naarifu ajali ya gari KXX 000X, mkataba nambari ……, iliyotokea tarehe …… saa …… mahali …… Dereva alikuwa …… Imeripotiwa kituo cha polisi cha ……, OB nambari …… Gari liko …… na haliendi. Naomba nambari ya dai, fomu ya madai, na jina la asesa atakayekuja. Picha nimeambatisha."

Itume kwa kampuni yenyewe, na nakala kwa wakala au broka. Kumwambia wakala si sawasawa na kuiambia kampuni. Wapo mawakala wazuri sana hapa Malindi watakaolisukuma dai lako kama lao, na wapo ambao ujumbe wako utalala kwenye simu yao wiki nzima. Ukipata nambari ya dai, ndipo ujue umefika.

Usitie sahihi fomu tupu kwa ahadi kwamba wakala ataijaza. Fomu nyingi ni za Kiingereza. Kama husomi Kiingereza vizuri, sema maelezo yako kwa Kiswahili, ayaandike, kisha akusomee kila kilichoandikwa kabla ya sahihi. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo pia unaweza kuandika maelezo marefu kwa Kiswahili kwenye karatasi ya pembeni na kuiambatisha. Maelezo ya fomu ndiyo yatakayolinganishwa na ya polisi, ya mashahidi na ya alama zilizo kwenye gari. Yakipishana, mpelelezi anatumwa.

Andika ulichokiona, acha ulichokidhani. "Tuktuk ilikuja kwa kasi ikanigonga" ni maelezo dhaifu. Haya yana nguvu: "Nilikuwa natoka Gede kuelekea Malindi, upande wangu wa kushoto, kwa kilomita kama 50 kwa saa. Tuktuk iliyokuwa mbele yangu, upande huohuo, iligeuka kuingia kulia bila taa ya ishara nikiwa tayari naipita. Nilishika breki. Kona ya kushoto ya bampa yangu iligusa gurudumu lake la nyuma la kulia." Chora ramani, hata iwe mbaya.

Pamoja na fomu hutakiwa nakala ya leseni ya dereva aliyekuwa akiendesha, kitambulisho na PIN ya KRA vya mwenye gari, logibuku, abstrakti, na makadirio ya gereji. Hakikisha logibuku iko kwa jina lako. Gari lililonunuliwa na kukaa miaka bila kuhamishwa jina katika mfumo wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, huleta swali ambalo ni gumu kulijibu: aliyekata bima ana haki gani juu ya gari lisilo lake? Hamisha jina kabla. Kama gari lina mkopo, jina la benki liko kwenye logibuku na gari likifutwa, yaani likionekana halifai kutengenezwa, benki italipwa kwanza.

Kwa wizi, utatakiwa kukabidhi funguo zote. Ufunguo wa pili ukikosekana bila maelezo, tarajia uchunguzi mrefu.

Asesa na gereji

Usitengeneze chochote kabla ya asesa kuliona gari. Hata bampa usiifungue. Kama kioo cha mbele kimepasuka na huwezi kuendesha, omba idhini kwa maandishi. Kioo huwa na kiwango chake maalumu ndani ya mkataba, na mara nyingi kudai kioo pekee ni njia fupi kuliko dai zima.

Kampuni nyingi huwatuma maasesa kutoka Mombasa, kilomita kama 120, nao huunganisha magari kadhaa kwa safari moja. Kwa hiyo uliza siku. Zikipita siku tatu za kazi bila jibu, andika tena. Swali linalofuata ni gereji. Kampuni huwa na orodha ya gereji inazozikubali, na nyingi kati ya hizo ziko Mombasa. Uliza mambo matatu kabla gari halijavutwa: je, kuna gereji ya orodha hapa Malindi, kiwango cha kuvutwa ni shilingi ngapi, na mnalipa moja kwa moja au mnarudisha baada ya risiti? Gari lililovutwa kutoka Hindi hadi Malindi, kisha kutoka Malindi hadi Mombasa, linaweza kuzidi kiwango hicho kwa urahisi, na ziada ni yako. Ni heri kulivuta mara moja tu, moja kwa moja hadi mahali litakapotengenezwa. Kabla bredaun, lile gari la kuvuta, haijaligusa gari lako, kubalianeni bei, na upate risiti yenye jina na nambari ya gari.

Asesa akija, uwepo. Mwonyeshe kila kitu, hata mlango unaofungwa kwa shida tangu ajali. Muulize anachoandika kuhusu kila spea: mpya ya kampuni, mpya ya kuiga, au iliyotumika kutoka Japani. Hapo ndipo pesa zilipo. Taa ya mbele iliyoandikwa "itengenezwe" badala ya "ibadilishwe" inakuachia taa inayoingiza maji masika ya kwanza.

Kwa magari ya mwambao kuna ugomvi mmoja wa kudumu: kutu. Hewa ya chumvi hula chini ya milango, sakafu na vishikizo vya bampa, na gari linalolazwa Silversands au Mayungu huanza kuliwa mapema. Asesa akikuta chuma kilichooza kando ya kilichopinda, ataandika kwamba uharibifu ule ulikuwepo. Dawa yake ni picha za zamani. Kila unapolipia bima upya, piga picha za gari pande zote, chini yake na ndani ya boneti, uzitume kwa kampuni kwa barua pepe. Hazigharimu kitu, na zinauondoa ubishi.

Gereji ikifungua gari na kukuta uharibifu uliojificha, kwa mfano redieta imepasuka nyuma ya bampa au chesi imepinda, isimamishe kazi na imwite asesa tena. Kazi ya ziada iliyofanywa bila idhini hailipwi. Na gari likiisha, usitie sahihi ya kulipokea kabla hujaliendesha. Angalia nafasi kati ya boneti na fenda pande zote mbili, rangi juani na si kivulini, usukani kama unavuta upande, milango, taa, na taa za onyo kwenye dashibodi. Likaguliwe upya kwa gharama ya kampuni kama kuna kasoro. Ukishatia sahihi, kasoro ni yako.

Hesabu ya pesa

Gari limewekewa bima ya shilingi 900,000. Matengenezo ni 160,000. Ekses ya asilimia 2.5 ni 22,500. Tairi moja ya 12,000 iliyopasuka ilikuwa imekwisha nusu, kwa hiyo kampuni inakata 6,000, kwa hoja kwamba umepewa mpya mahali pa kuukuu. Inalipa 131,500. Ukiona makato ya namna hii, si lazima uwe umeibiwa, lakini dai orodha yake, spea kwa spea.

Makato makali zaidi humpata aliyeandika thamani ndogo ili alipe bima kidogo. Gari la 1,200,000 limeandikwa 800,000, yaani theluthi mbili. Hasara ni 150,000. Mkataba wenye kipengele cha uwiano utakupa theluthi mbili ya hasara, 100,000, kisha uondoe ekses ya 20,000. Unabaki na 80,000 mkononi na 70,000 za kutafuta. Lakini kuandika thamani kubwa kupita kiasi nako hakufai kitu, kwa sababu gari likifutwa kampuni hulipa bei ya soko ya siku ya ajali, wala haizidishi.

Kulifuta gari hutokea gharama ya matengenezo ikikaribia au kupita kiwango fulani cha thamani. Kampuni nyingi huweka karibu nusu. Ukipewa ofa, usiikubali kwa simu. Omba ripoti ya asesa, kisha kusanya bei za magari yanayofanana, mwaka uleule, injini ileile, kilomita zinazokaribiana, angalau matano yanayouzwa wakati huo Mombasa na Nairobi, uzitume kwa maandishi. Bei huwa inapanda kwa aliyekuja na ushahidi. Unaweza pia kubaki na mabaki ya gari: kama malipo ni 780,000 na mabaki yamethaminiwa 180,000, utapokea 600,000 na chuma chako. Hilo lina maana tu kama una fundi unayemwamini na spea zinapatikana.

Hatua ya mwisho ni hati ya kukubali malipo, dischaji. Ukiitia sahihi umesema dai limekwisha. Kama bado unabishania sehemu fulani, andika juu ya sahihi yako kwamba unapokea kiasi hiki bila kuacha dai lako la kiasi kile, na upige nakala. Wakikataa kupokea yenye maandishi hayo, usitie sahihi kwanza, nenda kwa hatua ya malalamiko.

Maji

Barabara ya Garsen hufurika Mto Tana unapojaa, na mitaa ya Malindi nayo hukusanya maji mvua kubwa ikinyesha. Gari likizama mpaka juu ya magurudumu, usiwashe injini. Maji yakishaingia kwenye silinda hayabanwi, konrodi inapinda, na kampuni itasema: mafuriko tungelipa, lakini injini uliiharibu mwenyewe kwa kuiwasha. Piga picha ya alama ya maji mlangoni na ndani. Toa waya hasi ya betri. Livutwe, lisisukumwe likiwa na gia. Tazama kijiti cha oili; oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na picha yake ni ushahidi. Kama yalikuwa maji ya bahari, iambie kampuni siku hiyohiyo na uombe idhini ya kuliosha kwa maji baridi mara moja, maana chumvi haingoji asesa.

Aliyekosa ni mwenzako

Hapa huna mkataba na kampuni yake, na ndiyo maana itakujibu polepole. Kama una bima kamili, njia nyepesi ni kudai kwako, ulipwe, na kampuni yako imfuate mwenzako. Ikifanikiwa, iombe ikurudishie ekses. Kama una thadi pati tu, mwandikie mwenye gari na kampuni yake barua ya madai: maelezo ya ajali, abstrakti, ripoti ya asesa uliyemlipa wewe, risiti ya gereji iliyopita eTIMS (mfumo wa KRA wa risiti za kielektroniki), na gharama za kukosa gari kama unaweza kuzithibitisha. Wape siku 14 au 21 za kujibu. Dai la uzembe lina ukomo wa miaka mitatu tangu ajali, na la mkataba miaka sita, kwa hiyo mazungumzo matamu yasikupitishie muda.

Kwa hasara ya mali isiyozidi shilingi 1,000,000, Mahakama ya Madai Madogo inaweza kulisikiliza dai, sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Anza kwa kuuliza masjala ya mahakama ya Malindi. Aliyejeruhiwa amtafute wakili mapema: sheria ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 405, ina masharti ya taarifa kwa kampuni, na inaweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja.

Wakikataa au wakinyamaza

Kukataliwa kwa mdomo si kukataliwa. Taka barua inayotaja kipengele cha mkataba, ukisome mwenyewe. "Leseni ya dereva imeisha" ni hoja nzito. "Ulichelewa kuripoti" inajibika kama una barua pepe ya siku ile na OB ya siku ile. "Gari lilikuwa bovu" inabidi waonyeshe kwamba ubovu huo ndio uliosababisha ajali. Uliza ripoti ya ukaguzi.

Kifungu cha 203 cha Sheria ya Bima kinaipa kampuni siku 90 za kulishughulikia dai. Kila wiki mbili andika barua pepe ya mistari mitatu: nambari ya dai, hati ya mwisho uliyotoa na tarehe yake, unachosubiri. Usitukane, usitishie. Mlolongo huo wa barua ndio faili lako. Hatua ya kwanza ni meneja wa madai, kisha mkurugenzi, na jibu lisiporidhisha, Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ambayo hupokea malalamiko bila malipo. Ipelekee malalamiko ya ukurasa mmoja yenye tarehe mfululizo, na viambatisho vilivyopewa nambari. Mikataba mingi pia ina kipengele cha usuluhishi. Kisome kabla ya kwenda mahakamani, kwa sababu kampuni inaweza kuomba kesi isimamishwe mpaka usuluhishi ufanyike.

Kampuni ikianguka, dai halifi lote. Imetokea kwa kampuni zilizobeba magari mengi ya abiria, kama United mwaka 2005, Blue Shield 2011 na Invesco 2024. Mfuko wa Fidia kwa Wenye Bima, ambao sote huuchangia asilimia 0.25 ya kila malipo ya bima, hulipa kwa kikomo cha shilingi 250,000 kwa mdai. Utakapotangaza kupokea madai ya kampuni yako, peleka nakala za mkataba, barua ya madai, na hukumu kama ipo, kabla ya tarehe waliyoweka. Na gari likatie bima mpya kwingine siku hiyohiyo.